Utani wa Upande Mmoja

Jumamosi kwenye kazi ya udobi haina kulala. Saa kumi na mbili asubuhi mama mwenye kazi hiyo alikuwa tayari ameinama kwenye karai, na binti yake wa miaka kumi na miwili amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, sindano mkononi, akitia alama. Kila mteja alikuwa na uzi wake ndani ya kola. Mishono miwili myekundu, dereva wa teksi. Mishono mitatu ya kijani, kinyozi wa jirani. Uzi ukikosewa, suruali ya mtu huenda kwa mwingine, na hapo mtaa mzima haukaliki.

Binti huyo aliitwa Kasuku, na jina halikumwonea. Alikuwa akimsikia mtu mara moja tu, basi ameichukua sauti yake pamoja na kikohozi chake.

Kwenye meza ndefu Fundi Pasi alikuwa akipepea mkaa wa pasi. Alikuwa mtu mrefu, mweusi tii, kutoka ng'ambo ya mpaka, na huu ulikuwa mwaka wake wa sita hapo. Hakuna aliyenyoosha kola kama yeye. Hakujua kusoma, kwa hiyo barua na kadi zake zote alisomewa na Kasuku, naye alimwita Kasuku "mwanangu".

"Makaa! We Makaa! Shati langu vipi?" dereva wa teksi alipaza sauti kutoka barabarani.

Fundi Pasi hakuinua kichwa. Alitema mate kidogo kwenye kidole, akagusa pasi, ikalia *tss*, akaendelea na kazi.

Jina la Makaa lilitoka kwenye televisheni. Kulikuwa na mchekeshaji aliyeitwa Bwana Filimbi, na kila Jumamosi alasiri alijipaka masizi usoni, akavaa shati lililoungua mgongoni, akawa dobi mgeni anayeunguza nguo za watu na kuivunja lugha vipande vipande. Nchi ilicheka. Na kwa kuwa mtaa ule ulikuwa na mpiga pasi mweusi mwenye lafudhi, mtaa ulijipa ruhusa. Mwaka wa pili sasa Fundi Pasi alikuwa anaitwa Makaa na watu wazima wenye ndevu zao.

Kasuku hakumwita hivyo mbele yake. Lakini shuleni, kila Jumatatu wakati wa mapumziko, alipanda kwenye benchi akamwiga Makaa wa televisheni, na kipande cha mkaa cha kujipaka usoni alikipata kwa urahisi kuliko mtoto yeyote. Wanafunzi walimzunguka kama nzi kwenye muwa. Usipokuwa na viatu vipya wala kaka wa kukutetea, kuzungukwa hivyo si jambo dogo.

Sasa Bwana Filimbi alikuwa hajaonekana Jumamosi mbili. Alasiri hiyo watu walijaa kwa kinyozi kutazama, Kasuku akiwa mlangoni pamoja na mwanafunzi mwenzake waliyemwita Ndefu. Kipindi kikaanza, kikaisha. Filimbi hakuonekana tena.

"Jumamosi ya tatu!" dereva alifoka, akipiga goti lake. "Wamemfukuza. Nawaambia wamemfukuza, kwa sababu ya hawa watu wanaolialia ubaguzi."

"Na akifukuzwa, wamekosea wapi?" aliuliza nesi, aliyekuwa amemleta mwanawe kunyolewa. "Mtu mzima kujipaka rangi ya mwenzake na kumfanya mjinga, kichekesho kiko wapi?"

"Dada yangu, nawe usiwe laini kama yai," kinyozi alisema. "Sisi sote hapa weusi. Mweusi akimcheka mweusi, ubaguzi umeingilia mlango gani?"

"Kama weusi ni wetu sote, mbona anahitaji masizi?"

Kinyozi akawasha mashine ya kunyolea, ingawa kitini hapakuwa na mtu.

"Utani tu huo!" dereva alisema. "Watu hawana utani siku hizi. Nani kaenda kumshitaki, ndicho ninachotaka kujua. Nimtie mkononi!"

"Kasuku atajua," Ndefu alisema kwa sauti. "Si ndiye bingwa wa Filimbi?"

Watu wote wakageuka. Kasuku hakujua lolote. Alikuwa amekaa Jumatatu mbili bila kituko kipya, na Jumatatu iliyopita Ndefu alipiga miayo hadharani. Sasa watu wazima walikuwa wanangoja neno lake.

"Mimi najua," alisema. "Fundi Pasi wetu ndiye aliyeshitaki. Alhamisi ile kabla Filimbi hajapotea alivaa shati jeupe akaenda mjini. Alikwenda kituo cha televisheni. Mimi naona kila kitu pale."

Shati jeupe lilikuwa kweli, na safari ya mjini ilikuwa kweli. Lakini Fundi Pasi alikwenda kliniki ya macho, na Kasuku alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana ndiye aliyemsomea kadi: siku, saa, na namba ya chumba.

"Mgeni!" dereva alisema taratibu. "Anakula kwetu, halafu anatufungia kicheko chetu."

Jumatatu asubuhi, kabla Kasuku hajaenda shule, walikuja. Dereva mbele, kinyozi nyuma yake, na wengine kadhaa. Hawakuleta nguo. Walikuja kuzichukua.

"Nipe zangu," dereva alisema.

"Ziko kwenye maji, baba," mama alijibu.

"Nipe na maji yake! Nguo yangu haiguswi na huyo."

Wakaanza kuzitoa wenyewe, kwenye karai na kwenye kamba, zikichuruzika miguuni mwao. Mwingine aliing'oa alama ya uzi kwenye kola kwa meno, akaitema chini. Mama alisimama na povu mpaka kwenye viwiko.

"Mama, chagua," dereva alisema. "Makaa aondoke, au sisi tuondoke. Hatuwezi kumvumilia mtu wa kwenda kutushitaki kwenye televisheni."

"Mimi?" Fundi Pasi aliiweka pasi juu ya kigae. "Mimi nilikwenda kliniki ya macho."

"Iko wapi kadi?"

"Wamebaki nayo kule kule. Lakini huyu anajua." Akamgeukia Kasuku. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. "Mwanangu, si wewe ulinisomea? Waambie."

Kasuku alikuwa na mkoba mgongoni. Aliyaona macho ya dereva, akayaona ya kinyozi. Akaitazama ncha ya kiatu chake.

"Mwanangu?"

Kasuku hakusema neno. Yeye, mwenye sauti za mtaa mzima, siku ile hakuwa na hata yake.

Fundi Pasi alifungua aproni, akaikunja mara mbili kama anavyokunja nguo ya mteja, akaiweka mezani. Akatoka.

Darasani Kasuku hakusikia somo. Aliporudi mchana alimkuta mama yake peke yake kwenye meza ya pasi, jasho linamtiririka, na sketi ya shule ya mtu imeungua alama ya pasi pale pale mbele.

"Miaka sita," mama alisema bila kumtazama, "miaka sita hakuunguza hata leso. Sasa angalia. Nauliza hivi, mtu huyu alikwenda kliniki au hakwenda?"

"Alikwenda," Kasuku alisema, akaanza kulia. "Mimi ndiye niliyewaambia alikwenda kushitaki. Nilitaka wanisikilize."

Mama aliitua pasi. Kofi Kasuku alilitegemea. Halikuja, na ingekuwa afadhali lingekuja.

"Vaa viatu," mama alisema.

Fundi Pasi alikuwa chumbani kwake akifunga godoro kwa kamba. Kasuku alisimama mlangoni akasema yote, kwa kwikwi, bila kujipunguzia. Alipomaliza, Fundi Pasi alikaza fundo.

"Unaniambia mimi ya nini?" alisema. "Mimi nilijua sikwenda. Kawaambie waliokuwa hawajui."

Wakaenda wote watatu kwa kinyozi. Dereva alikuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado, shuka shingoni. Wenzake wa asubuhi walikuwa kwenye benchi.

"Nilisema uongo," Kasuku alisema. Sauti ilikuwa ndogo.

"Wakati wa kusingizia ulikuwa na sauti kubwa," mama alisema. "Itafute."

"Nilisema uongo!" Kasuku alipaza sauti. "Fundi Pasi alikwenda kliniki ya macho. Kadi nilimsomea mimi. Hakumshitaki mtu!"

Mashine ya kinyozi ikazimika. Kisha kinyozi akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayetafuta mlango wa nyuma.

"Basi, yaishe. Mtoto ni mtoto. Fundi, ndugu yangu, ule ulikuwa utani tu. Hata lile jina..."

"Utani naujua," Fundi Pasi alisema. Hakupiga kelele. "Kwetu tuna watani. Mimi namwambia mtani wangu babu yake aliiba kuku, yeye ananiambia babu yangu ndiye alikuwa kuku mwenyewe. Tunacheka wote. Siku ya msiba wangu, yeye ndiye wa kwanza kufika. Huo ndio utani, una watu wawili. Huyo wa televisheni ananiita mjinga mbele ya nchi nzima. Mimi namjibu wapi? Nikitukane kioo? Na ninyi. Nani kati yenu nimempa jina la ngozi yake, nikamwita kwa kelele mbele ya wanawe?"

Akawatazama mmoja mmoja pale kwenye benchi.

"Utani wa upande mmoja ni tusi tu, hata ulifue vipi."

"Sasa mbona hukusema?" dereva aliuliza. Alitaka kusimama, akakumbuka kichwa chake, akakaa.

"Nilisema. Siku ya kwanza kabisa nilikwambia, bwana, mimi siitwi hivyo. Ukacheka ukawaambia wenzako, hata sauti ni ile ile." Akavuta pumzi. "Sikumshitaki mtu yeyote. Lakini leo nawaambia, ningejua kuandika, ningeandika. Na ningetia jina langu, lile nililopewa na mama yangu."

Dereva aliinama. Ile nusu ya kichwa iliyonyolewa iling'aa chini ya taa, na hakuna aliyethubutu kucheka.

"Tumekukosea," alisema mwishowe. "Mimi hasa. Nguo tutarudisha leo hii."

"Hamtarudisha," mama alisema kwa ukali. "Zitafuatwa na aliyezitoa kwa ulimi wake."

Kwa siku mbili baada ya masomo Kasuku alizunguka na beseni kichwani, nyumba kumi na nne. Kila mlango alibisha, akasema, "Nilimsingizia Fundi Pasi, naomba nguo zenu." Wengine walimsamehe haraka. Wengine walimwita ndani na kuwaita shangazi na bibi, ili arudie mbele ya wote. Nguo zilikuwa zimeanza kunuka ukungu, ikabidi zifuliwe upya, na ufuaji huo ulikuwa wa Kasuku. Vidole vikamchubuka.

Jumanne redio ikatangaza kwamba Bwana Filimbi aliteleza jukwaani akaumia kiuno, yuko kitandani. Hakuna aliyemfukuza. Mtaa mzima ulikuwa umemvamia mtu kwa sababu ya kiuno cha mtu mwingine.

Shuleni Ndefu alimwambia, "Tufanyie Makaa basi, mambo yameisha." Kasuku akakataa. Ndefu akamwita mwoga, na lile duara la watu likahamia kwa mvulana aliyejua kupiga mluzi kwa pua. Ilimuuma, tusidanganyane. Alikula peke yake wiki nzima.

Alhamisi Fundi Pasi alirudi kazini. Alivaa aproni, akapanga mkaa. Kasuku alimsogelea.

"Umenisamehe?"

"Nitakusamehe. Leo bado nina hasira. Niache nayo kwanza, ni yangu."

Wakafanya kazi, yeye kwenye pasi, Kasuku kwenye sindano. Dereva alipita, akasimama, akamsalimia Fundi Pasi kwa jina lake halisi. Alilitamka vibaya. Fundi Pasi akamrekebisha, dereva akarudia mpaka akalipata.

Mama alikamua shati, akamgeukia binti yake.

"Mungu amekupa ulimi wa ajabu, mwanangu, nami sikuambii uukate," alisema. "Lakini kabla hujamwiga mtu, jiulize kama ungeweza kufanya hivyo yeye akiwa amekaa mbele yako, naye ana nafasi ya kukuiga wewe. Kama huwezi, huo si utani, ni uonevu. Na uongo je? Umeusema mara moja, umeukanusha mara kumi na nne. Umeona ulivyo kazi?"

"Nimeona, mama."

Fundi Pasi alitua pasi. Akasimama wima, akatoa kifua mbele, akabinya midomo, na kwa sauti nyembamba ya msichana wa miaka kumi na miwili akasema, "Mimi najua! Mimi naona kila kitu pale!"

Alikuwa yeye kabisa, mpaka ule mkono kiunoni. Mama alicheka hadi akashika ukingo wa karai. Kasuku uso ulimwaka moto, akajisikia kama aliyevuliwa nguo barabarani. Fundi Pasi alikuwa anamtazama, anangoja.

"Umesahau kitu," Kasuku alisema polepole. "Mimi huwa nakunja na pua."

Fundi Pasi akakunja pua.