Nani Kamleta Nani?

Jioni ile nilikuwa namalizia pindo la gauni la mteja mmoja msumbufu, umeme ukakatika. Nikainuka kumwashia mama mshumaa. Mama hainuki kitandani bila kushikwa mkono, na giza halipendi. Nikauweka mshumaa juu ya stuli, kando ya chandarua chake, nikarudi kwenye cherehani yangu.

Shemeji alikuwa amekaa juu ya gauni, ananitazama. Uzi mwekundu unaning'inia mdomoni mwake. Uzi ule ulikuwa na sindano. Sasa sindano sikuiona.

Shemeji ni paka. Mama ndiye aliyempa jina hilo, maana alikuja siku moja kututembelea tu, akala, akajinyoosha kwenye kiti kizuri, na kuondoka hakuondoka tena.

"Usiuvute huo uzi, utamchana utumbo," mama alisema nilipomweleza. "Mkimbize hospitali, mwanangu."

"Na wewe je?"

"Mimi nitakwenda wapi?"

Nikamviringisha Shemeji kwenye shuka, nikafunga mlango kwa nje, ufunguo nikautia mfukoni. "Nakuja sasa hivi," nilimwambia mama kupitia dirishani.

Nyuma ya maduka palikuwa na bango limewaka taa: Hospitali ya Wanyama, Wazi Saa Zote. Barabara ile nimeipita miaka nenda rudi, na bango lile sikuwahi kuliona. Lakini ukiwa na paka mwenye sindano tumboni, huanzi kuuliza bango limetoka wapi.

Niliingia. Mlango ukajifunga nyuma yangu, taratibu.

Ndani kulinuka dawa ya kusafishia sakafu, na chini yake harufu ya manyoya mabichi. Watu walikuwa wamekaa kwenye benchi, kimya, wametazama ukuta. Mzee mmoja alishika mnyororo usio na mbwa. Dada mmoja alipakata kikapu kitupu. Niliwasalimu, hakuna aliyeitika. Nikasema moyoni, watu wengine kweli hawakulelewa.

Nesi alikuwa nyuma ya kidirisha, ameinamisha kichwa. Alinyoosha mikono, akampokea Shemeji. Paka yule hashikwi na mgeni, lakini kwake alitulia tuli. Mtu mwingine, ambaye nilimwona mgongo tu, akamchukua akaingia naye chumba cha ndani.

"Nani kamleta nani?" nesi aliuliza, polepole.

Swali gani hilo. Mimi mdomo wangu hauna breki.

"Nimemleta paka, dada. Kwani paka angenileta mimi?"

Benchi zima liligeuka. Nesi akainua kichwa. Macho yake hayakupepesa.

"Ndivyo?"

"Aa, natania. Mimi ndiye nimemleta."

"Basi subiri," alisema, akainama tena.

Nikasubiri. Ndani kulisikika kucha zikikwaruza mlango. Kwaru... kwaru... Si kucha za mnyama mmoja. Nilitazama nje kupitia kioo. Jua lilikuwa limezama nilipoingia, na anga bado lilikuwa na ule wekundu kidogo. Nikakaa mpaka mgongo ukaniuma. Nikatazama tena.

Wekundu ulikuwa pale pale.

Ndipo nilipokumbuka mshumaa.

Mshumaa, stuli, chandarua, mama asiyeweza kuinuka, na ufunguo uko mfukoni mwangu. Nikaruka mlangoni. Kwa ndani haukuwa na kitasa. Nikausukuma kwa bega, nikaugonga kioo mpaka ngumi zikafa ganzi. Watu walipita nje wakiwa na mifuko yao ya sokoni, wala hawakugeuza shingo.

"Utajiumiza bure," mzee alininong'oneza.

"Mzee wangu, nifungulieni. Mama yangu yuko ndani na mshumaa."

"Haufunguki mpaka ujibu vizuri."

"Si nimeshajibu?"

"Umejibu kama mimi." Akaviringisha mnyororo kwenye kiganja. "Mbwa wangu alipona zamani. Huyo anayekwaruza kwa nguvu ndiye yeye. Lakini jibu letu hawalitaki. Wanataka lile lingine."

"Lipi?"

Mzee alitazama ukuta. "Ulilisema mwenyewe, kwa mzaha. Mimi silisemi. Nyumbani nina wajukuu."

Sikumwelewa. Au nilimwelewa, sikutaka. Niliogopa, sikufichi. Nilitamani kukaa kwenye benchi lile nitazame ukuta kama wao. Halafu nikamwona mama akiukunja kwa shida mguu wake mmoja ulio mzima, moto unapanda kwenye chandarua, anaita jina langu.

Nikaenda kidirishani.

"Nani kamleta nani?" nesi aliuliza.

"Paka... kanileta mimi."

Nyuma yangu dada wa kikapu alianza kulia, bila sauti.

Mlango wa ndani ulifunguka. Shemeji akatoka akitembea kwa madaha, mdomo safi. Akapita mbele yangu bila kunitazama. Mlango wa nje ukamfungukia, nikatoka mbio nyuma yake. Nje giza lilinimwagikia mara moja. Shemeji alikuwa ameshanitangulia, akapotea kwenye kona. Nilikimbia huku kitu kikinikwaruza koo, chembamba, kama mwiba wa samaki.

Nyumbani mlango ulikuwa wazi. Ufunguo nilikuwa nao mfukoni.

Chumbani kulikuwa na giza na harufu ya kitambaa kilichoungua. Nikapapasa. Chandarua kilikuwa na tundu, kingo zake bado zina joto. Mshumaa ulikuwa umezimwa. Na mama alikuwa mzima, nilimsikia akipumua. Nilipiga magoti kando ya kitanda, machozi yakanitoka kwa furaha.

"Asante, mwanangu," mama alikuwa akisema. "Ungechelewa kidogo tu ningeteketea."

Hakuwa anasema na mimi.

"Nilikwambia nakuja sasa hivi, mama," sauti ilijibu kutoka miguuni pake. Sauti yangu. Sauti yangu kabisa, na ule ukali wake.

Mkono wa mama ulishuka gizani, ukanigusa kichwani, ukanikuna nyuma ya sikio.

"Na Shemeji huyu hapa. Kapona?"

"Kapona. Ila uzi wameuacha kooni. Usiuvute."

Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema, mama, mimi ndiye. Nilisema kwa nguvu zangu zote, na uzi ukakaza.

Mama alicheka kidogo.

"Ana njaa huyu," alisema. "Mpe maziwa, mwanangu."