Jina la Driss, Saa ya Vienna

Dacia nyeusi ilikata kona, ikaizibia njia pikipiki ya Driss Amezian, mtaalamu wa programu, mlangoni pa bwawa la Tazrout.

Ghizlane Ouazzani, afisa wa usalama, akashuka, bastola ya Glock mkononi.

"Mikono juu, Bwana Driss."

"Niache niingie, afande. Hiyo amri kwenye kompyuta nimeiona sasa hivi, naenda kuifuta."

Simu ikaita. Kanali wake, kutoka Rabat.

"Umempata?"

"Ninaye."

"Mlete. Amepandikiza amri kwenye programu ya bwawa. Ikilia adhana ya magharibi, milango yote ya maji inafunguka. Bonde zima litakuwa linafuturu."

Kwenye kiti cha nyuma, Kessler, mshauri wa programu aliyetua asubuhi hiyo kutoka Vienna, akapiga miayo. "Historia ya mabadiliko ya programu iko wazi. Jina lake. Baruapepe yake. Mfunge twende."

"Jina langu anaweza kulijaza mtu yeyote," Driss akasema. "Wanangu wako huko chini. Niwazamishe wanangu?"

Ghizlane hakumpenda Kessler tangu uwanja wa ndege. Haraka yote hiyo ya kumfunga mtu ni ya nini? Akafungua kompyuta yake ya ThinkPad juu ya boneti, akaitafuta amri ile.

Jina, la Driss. Baruapepe, ya Driss, herufi kwa herufi. Saa.

Akaisoma mara mbili.

Ramadhani ikiingia, Moroko yote hurudisha saa nyuma kwa saa moja. Mabadiliko yote ya Driss ya mwezi huu yalifuata saa ya mfungo. Amri hii moja ilifuata saa iliyo mbele kwa saa nzima, sawasawa na saa ya Vienna.

"Nani mwingine ana ruhusa ya kuingiza mabadiliko humu?"

"Kessler tu," Driss akajibu.

Simu tena.

"Ghizlane, mlete Driss. Ni amri."

"Simleti."

"Unasemaje?"

"Umenisikia, Kanali." Akakata.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Kessler akatimua mbio, lakini njia ya mwongo ni fupi. Teke la Ghizlane gotini, uso kwenye changarawe, pingu.

Driss alikuwa ameshaiinamia kompyuta. Akaifuta amri, akatia saini ya kidijitali kwa ufunguo wake wa siri. Adhana ikapaa kutoka bondeni. Wote watatu wakaikodolea macho milango ya bwawa.

Haikutikisika. Driss akalia waziwazi, bila haya.

"Huna kitu," Kessler akasema, akitema vumbi. "Jina langu halimo humo popote."

Ghizlane akapokea tende ya Driss, akaitafuna taratibu, akatupa kokwa.

"La Driss uliliandika wewe," alisema akielekea garini kuchukua hati ya mashtaka. "Lako nitaliandika mimi."