Kura ya Kumfuta Mulinge

Nthambi alikuwa anachagua nyanya katika soko la Kitengela aliposikia nyuma yake sauti aliyoapa kutoisikia tena.

"Bado unafinya nyanya hivyo mpaka mama wa watu ananuna?"

Aligeuka. Mulinge! Shati jeupe limepigwa pasi, viatu vinang'aa katika vumbi lile lote, na vile vidole virefu vya mpiga kinanda vimeshika mfuko wa vitunguu. Alikuwa amependeza, shetani yule. Moyo wa Nthambi ulienda mbio, naye akaukasirikia moyo wenyewe.

Huyu ndiye aliyemwaibisha miaka sita iliyopita. Wazee walikaa kwa kina Nthambi, Kajiado, kwa viti vya kukodi, wakingoja mbuzi wa ntheo, wale ambao mwanamume Mkamba akishawafikisha kwa wazazi wa msichana, basi msichana ni wake. Mbuzi hawakufika. Jioni simu ikaja kutoka Ngong: Mulinge amewapeleka kwa kina Virginia, mwimbaji wa kwaya yake. Mbuzi wale wale! Mama yake Nthambi alishindwa kwenda kanisani kwa aibu.

"Virginia hajambo?" aliuliza Nthambi.

"Tuliachana kitambo, switi. Nilikuwa mjinga. Lakini ona Mungu, nimekupata leo! Unajua niko kwa ile ensaiklopidia ya mtandao? Chuo kimoja cha Ujerumani kilinisoma huko, kinataka nikafundishe kinanda. Sasa kuna watu wanajadili kunifuta, ati sijulikani vya kutosha. Kitu kimenishikilia ni ile makala yako ya gazeti, uliyoandika tukiwa wachumba."

"Makala yangu?"

"Ukurasa mzima! Hakuna mwingine aliwahi kuandika juu yangu. Nikipata hiyo kazi tunaenda wote. Nakuoa, Nthambi, haki ya Mungu."

Alicheka. Nthambi pia alicheka, na kicheko chake hakikuwa kizuri.

Alienda moja kwa moja kwa rafiki yake Naeku, mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, karibu na steji. Naeku alimsalimia kwa Kimaasai, "Supa," kama kawaida, lakini Nthambi alishavuta kiti.

"Nifungulie kompyuta."

Mjadala ulikuwa pale, watu wa nchi za mbali wakimpima Mulinge. Sheria yao ilikuwa moja: sifa za mtu ziwe zimeandikwa na mtu asiyehusiana naye. Wengi walisema abaki, maana gazeti la Nairobi lilimsifu.

Naeku alichungulia. "Ukinyamaza, anabaki?"

"Anabaki."

"Na anakuoa?"

"Ndivyo anasema."

"Na wewe, unamtaka?"

"Namtaka! Unadhani hasira hii yote ni ya nini?"

Kisha akaandika: "Makala ile ni yangu. Nilikuwa mchumba wake, na mhariri hakujua. Msiitegemee." Akabonyeza kwa raha.

Ukurasa ulifutwa. Wiki iliyofuata, Nthambi akiwa tena kwa Naeku, Mulinge akapiga simu.

"Nthambi, umenimaliza! Wale Wajerumani wamenyamaza kabisa!"

"Pole, switi. Na mimi nilinyamaziwa, hata sikuambiwa kwa nini."

"Uko wapi? Nakuja."

Alikuja kweli, shati lilelile sasa limekunjamana. Naeku alijiandaa kwa vita. Lakini Mulinge alivuta kiti akakaa, akaongea polepole.

"Hiyo kazi nimeisamehe. Nilikukosea, umelipiza, sawa. Lakini niambie kitu kimoja tu. Uliandika kwamba nilipopiga kinanda watu wote kanisani walinyamaza, na wewe hukujua kama unalia. Ni ukweli, ama ni mapenzi tu yaliandika? Nilipiga vizuri?"

Nthambi alijua jibu. Hajawahi kusikia kitu kama kile, kabla wala baadaye, na hata angekuwa adui yake siku ile angelia tu. Alimwangalia machoni akaona jinsi anavyolitaka neno moja, moja tu. Alimpenda sana wakati ule.

"Sijui, Mulinge," alisema. "Nilikuwa nakupenda. Mtu akipenda atasikia nini?"

Mulinge alitikisa kichwa taratibu, akavitazama vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine. Akainuka, akawaaga vizuri wote wawili, akatoka kuelekea barabara ya Namanga.

"Aki Nthambi," Naeku alisema, "si ungemwambia tu ukweli?"

Nthambi alisema hatamwambia hata akiwa kaburini. Kisha akaweka kichwa juu ya meza, akalia kwa sauti, na wateja wakaacha kompyuta zao wakimtazama.