Abiria wa Tawi la Miiba

Omwenga alikuwa akichokonoa meno kwa mwiba pale Joséphine alipopiga yowe, soko zima la Isipingo, nchini kwa Wazulu, likageuka.

"Papa Omwenga! Toa hiyo mu kinywa!"

Akautoa, ncha ikakatikia kwenye ufizi. Mkenya huyu alikuwa amezunguka nchi nyingi akikusanya nishani za askari waliofia vitani, na karibu kila nchi aliaibika kwa mdomo wake. Lakini kwa kijiti? Nishani aliyoifuata jioni ile ilikuwa imeviringishwa kwenye kitambaa pamoja na tawi kavu la miiba. Naye, tumbo likiwa limejaa nyama, aliona vijiti vya meno vya bure.

"Tawi hiyo wanabebea roho," alinong'ona Joséphine, Mrundi muuza vitu vikuukuu. "Bibi moja Mzulu alienda nayo bandarini kuchukua roho ya baba yake. Askari. Meli ilimubeba, hakurudi. Unashika tawi, unamuongoza mpaka kwake. Ukifika unamuambia, tumefika. Basi, anabaki pale. Bibi alikufa mu njia."

"Kwa hiyo mzee bado yuko safarini?"

Joséphine hakucheka. "Wajukuu yake wanamungoja Pinetown. Nishani ni yako, lakini tawi upeleke kwanza. Na mdomo yako, Papa... ufunge."

Omwenga aliapa. Lakini giza lilikuwa linaingia, na kitanda chake kilikuwa Greyville. Pinetown ingengoja kesho.

Kwenye ngazi za ghorofa alisikia harufu. Chumvi. Moshi wa makaa.

Kisha viatu vizito, vilivyolowa maji, nyuma yake.

Chwa... chwa...

Akasimama. Vikasimama.

Hakugeuka. Alifungua mlango. Na hofu ilipomzidi alifanya kile ambacho kimemponza maisha yake yote. Alitania.

"Karibu ndani, mzee! Tumefika!"



Kitu kikashusha pumzi ndefu, kama mtu anayetua mzigo.

Palepale ufizi ukamchoma. Ncha ya mwiba ilikuwa inazama... ndani zaidi.

Omwenga akapiga magoti, tawi kifuani. "Samahani, mzee. Ulikuwa utani tu. Hapa si kwako. Kesho alfajiri nakupeleka Pinetown. Watu wako wanakungoja."

Mdomo wake ukafunguka wenyewe. Ulimi ulikuwa wake. Sauti haikuwa yake.

"Nimeshafika."