Mkopo wa Chuo na Nyumba Yenye Tanuri

Kila alfajiri mwoka mikate aliwasha tanuri la matofali uani. Mkewe, mkunga wa zahanati, alimsaidia kufunga mikate kwenye karatasi kabla ya kwenda zamu. Nyumba ilikuwa ya kupanga. Kwa miaka tisa walilipa kodi bila kukosa.

Jumatatu moja mama mwenye nyumba alikuja. Hata kukaa hakutaka.

"Wanangu, nauza. Kuna mtu ana fedha taslimu, anataka kubomoa tanuri aegeshe gari. Nimewapa nyinyi nafasi kwanza. Nileteeni barua ya benki kwamba mmepata mkopo, mwisho Ijumaa saa sita mchana."

Siku ile ile waliomba mkopo wa nyumba. Fomu iliuliza: una madeni gani? Mkunga aliandika "sina". Alikuwa na mkopo wa chuo. Lakini alikuwa amerudi kusoma jioni, hivyo malipo yalikuwa yameahirishwa. Alijiambia, mbona silipi chochote? Mumewe hakujua lolote.

Jumatano benki iliwaita. Ofisa wa mikopo, mama mwenye miwani, aliwageuzia karatasi.

"Dada, umeandika huna deni. Rekodi zinaonyesha milioni kumi za chuo."

Mwoka mikate alimgeukia mkewe. "Milioni kumi zinalala nyumbani kwangu, na hata salamu hatujapeana?"

Mkunga alivuta karatasi karibu. "Zimesimamishwa. Silipi kitu."

"Malipo yameahirishwa, dada. Deni halijafutwa," alisema ofisa. "Masomo yakiisha watakudai kila mwezi, na sisi tutakudai kila mwezi. Mshahara ni ule ule. Ndiyo maana tunalihesabu tangu leo."

"Mnalihesabu vipi?" aliuliza mkunga.

"Hatujui utakatwa kiasi gani. Kwa hiyo benki yetu inakadiria asilimia moja ya deni lote kwa mwezi. Hiyo ni laki moja. Benki nyingine zina taratibu zao. Kwa laki moja, ombi lenu halipiti."

Mwoka mikate alisimama. "Basi, tumekwisha."

"Kaa kaka, sijamaliza. Nendeni ofisi iliyomkopesha. Ombeni barua inayoonyesha rejesho halisi atakalolipa kulingana na kipato chake. Huenda likawa dogo kuliko makadirio yetu. Na wewe dada, rekebisha fomu hii sasa hivi. Tukikuta deni limefichwa, tunaweza kukataa ombi zima."

Mkunga alirekebisha.

Njiani mumewe alitangulia. Walipofika nyumbani ndipo alipouliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utaniona mzigo."

Mumewe alilifunika tanuri. "Kesho siwashi tanuri. Tunakwenda wote."

Alhamisi walipanga foleni kwenye ofisi ya mikopo ya chuo tangu asubuhi. Karani alisema mwenye kusaini ametoka, warudi Jumatatu.

"Jumatatu hatutakuwa na nyumba," alisema mkunga. "Tutamngoja hapa hapa."

Walingoja bila kula. Saa kumi na nusu, milango ikianza kufungwa, mwenye kusaini alirudi. Barua ilisema rejesho litakuwa elfu thelathini na tano kwa mwezi.

Ijumaa asubuhi ofisa wa benki alipiga hesabu upya. Akarudia tena.

"Inapita," alisema ofisa. "Lakini si kiasi chote mlichoomba. Mtaongeza cha kwenu."

"Tutauza pikipiki," alisema mwoka mikate. "Mikate nitaipeleka kwa baiskeli."

Walifika kwa mama mwenye nyumba na barua ya benki saa sita kasorobo. Gari la yule mnunuzi mwingine lilikuwa limeshasimama getini. Mama mwenye nyumba aliisoma barua mara mbili, kisha akatoka kwenda kumwambia yule mnunuzi arudi alikotoka.

Miezi saba baadaye mkunga alihitimu, na makato ya mkopo wa chuo yakaanza. Hawakuyumba, kwa sababu tangu mwezi wa kwanza wa mkopo wa nyumba walikuwa wakiitenga ile elfu thelathini na tano.

Jumapili moja mkunga alichukua nyundo. Akapigilia msumari ukutani sebuleni, akatundika cheti chake.

Mumewe alichungulia mlangoni. "Umemwomba nani ruhusa ya kutoboa ukuta?"

"Nimejiomba mwenyewe," alijibu, "na nimejikubalia."