Fundo la Masjala

"Chui, hapa Ghala. Daftari lililofika jana ni bandia."

Frida alikanyaga mafuta. Land Cruiser ikanguruma kuelekea mashariki, Nzuguni ikabaki nyuma.

"La kweli liko wapi, Ernest?"

"Soko la Kibaigwa, ndani ya gunia la mahindi. Msafara wa mafaili kutoka Dar ulisimama hapo kunywa chai, likabadilishwa. Harmsen analifuata saa tano."

"Nimekupata."

Ilikuwa saa nne kasoro robo asubuhi.

Daftari hilo la ngozi liliandikwa na Wajerumani walipoihama Bagamoyo na kuifanya Dar es Salaam makao yao. Kila kiwanja cha ufukweni kimo, na jina la mwenyewe. Mwingereza alilirithi, nasi tukalirithi. Serikali ilipohamia Dodoma, mafaili yakafuata. Katika lile bandia, viwanja vyote vilikuwa vya babu yake huyo Harmsen, ambaye sasa anavidai mahakamani. La kweli likipotea, kesi ni yake, na familia mia tatu zitafungasha virago.

Frida alilijua daftari hilo tangu utotoni. Baba yake, Mzee Sostenes, alikuwa mkuu wa masjala kule Dar kwa miaka thelathini na minane, akitunza kila jalada. Alikuwa Mgogo wa Nzuguni, lakini makao makuu yalipohamia kwao, yeye akakataa kurudi. Mkewe Emiliana amezikwa Kinondoni.

"Mji umeachwa kama mke mkubwa," alisema. "Na mimi nimwache?"

Jana, hatimaye, alikuja, kusindikiza msafara. Frida alipika ugali na mlenda, akatandika kitanda kipya. Mzee hakutokea. Alituma ujumbe tu: nimechoka mwanangu, nitalala njiani.

Kuna mambo moyo huyajua, mdomo ukakataa kuyasema.

Kibaigwa ilikuwa imefurika. Malori, madalali, wapagazi wenye mahindi mgongoni. Frida alijifunga kanga, bastola ya Glock ikiwa kiunoni chini yake, na kifaa cha sauti sikioni.

Magunia yalikuwa maelfu.

Alipita safu baada ya safu. Yote yalishonwa mdomo kwa kamba ya katani, kwa mshono wa harakaharaka.

Isipokuwa moja.

Hilo lilifungwa kwa utepe mweupe wa mafaili, vitanzi viwili na mkia mmoja, fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja. Frida alifundishwa fundo hilo akiwa na miaka saba, miguu ikining'inia kwenye kiti cha ofisini.

Moyo wake ulipasuka. Sina neno jingine.

Nyuma ya gunia, mzee alikaa juu ya ndoo, kofia mapajani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Frida." Hakushtuka. "Umekonda, mwanangu."

"Kwa nini, baba?"

"Harmsen aliniahidi litarudi Dar, kwenye rafu yake. Atalikarabati jengo letu la zamani, nami niwe mtunzaji mpaka nizikwe kando ya mama yako. Lile lingine alisema ni nakala ya Dodoma."

"Hukulisoma?"

"Kijerumani sikijui. Kazi yangu kutunza, si kusoma. Na aliniandikia, Frida. Barua ina muhuri!"

Maskini mzee wa watu! Maisha yake yote aliamini kwamba karatasi yenye muhuri haidanganyi.

"Baba, hili analichukua akalichome."

Mzee aliweka mkono juu ya gunia, kama anayelilinda.

Kifaa kikakoroma sikioni. "Chui, Harmsen kaingia. Prado nyeusi. Ushahidi hatuna. Akikana, tunamwachia."

"Baba, barua zake ziko wapi?"

Mzee alifungua mkoba, akatoa jalada. Barua kumi na saba, na nakala za majibu yake, kila ukurasa umepewa namba kwa wino mwekundu pembeni. Hakuweza kutupa karatasi, hata ya dhambi yake mwenyewe.

"Jalada hili litakufunga na wewe."

"Najua. Namba nimezitia mwenyewe." Akatoa kijitabu. "Saini hapa. Jalada halitoki mikononi mwangu bila saini."

Frida akasaini. Chozi likadondoka juu ya wino.

Mlango wa Prado ulibamizwa. Harmsen akaja akitabasamu, akainamia gunia.

"Mikono juu!"

Wapagazi wanne, kumbe askari, walitua mizigo. Bastola nne zikatoka.

"Mimi nanunua mahindi tu," alicheka Harmsen.

Frida aliinua jalada. Harmsen akaitambua sahihi yake, na kicheko kikamkauka.

Askari mmoja alisogea na pingu za pili, akasita. "Nimfunge mimi?"

"Hapana. Lete."

Alimfunga baba yake kwa mikono yake. Kisha akajaribu kulifunga jalada, vidole vikamkatalia. Utepe ukateleza mara mbili.

"Siyo hivyo," mzee alisema. "Nipe."

Akiwa na pingu, alifanya vitanzi viwili, akaacha mkia mmoja. Akalirudisha kwa binti yake, akapanda gari bila kugeuka.

Frida alivaa miwani ya jua, akatembea polepole hadi kwenye Land Cruiser.

"Ghala, hapa Chui. Kazi imekwisha."

"Safi sana. Uko salama?"

Alizima redio. Nyumbani Nzuguni, mlenda wa jana ulikuwa bado mezani, umefunikwa.