Mfupa Uliopakwa Saruji

Machimboni walimwita Mama Nyundo, na jina lilimkaa kweli kweli. Asubuhi moja alipasua jiwe, ndani akaona mfupa mnene kuliko paja lake. Lo! Ulikuwa umepasuka katikati.

"Usijali, mke wangu," alisema mumewe, fundi mwashi. Papo hapo akakoroga saruji, akaziba ufa, akaulainisha kwa mwiko. Alijiona bingwa.

Msimamizi alikunja uso. "Mkosi huo. Kesho tunavunja mwamba wote uwe kokoto."

Mama Nyundo aliumia moyo. Alimkimbilia jirani yake, mfanyakazi wa makumbusho. Jirani alipofika alishika kichwa.

"Nani kapaka saruji?"

"Mimi," alijibu mwashi kwa fahari.

"Shemeji! Huu ni ukuta?"

Walicheka wote. Kisha jirani akaeleza. "Huu ni mfupa wa dinosaria, mnyama wa kale sana. Dinosaria wa kwanza walikuwa wadogo, wakitembea kwa miguu miwili. Kwa mamilioni ya miaka, kila kizazi kilibadilika kidogo. Wengine wakawa wakubwa kama nyumba. Mifupa inayofanana na huu ipo hata ng'ambo ya bahari."

"Walivukaje?" aliuliza Mama Nyundo.

"Kwa miguu! Zamani hizo nchi kavu zote zilikuwa zimeungana. Wakasambaa kote. Baadaye ardhi ikapasuka, ikaachana polepole, na kila kundi likabadilika kivyake."

"Na wote wakafa?"

"Si wote. Ndege ni wazao wao."

"Hata jogoo wangu? Ndiyo maana ana kiburi!"

"Hata yeye. Sasa sikilizeni: mkikuta mfupa, msiung'oe, msiupake kitu. Ufunikeni, mtuite."

Kesho yake wavunja mawe walifika na nyundo. Mama Nyundo alisimama mbele ya mwamba.

"Hapigi mtu hapa! Huyu alitembea hapa kabla bahari haijatutenga na wengine. Leo mumfanye zege? Mawe yamejaa upande ule!"

Msimamizi alijikuna kichwa. "Haya, mama. Tuhamie kule."

Wataalamu wa makumbusho walikuja, wakachimba kwa brashi, taratibu, wiki baada ya wiki. Ukatoka mguu, ukatoka mgongo. Siku ya fuvu, machimbo yote yalisimama kutazama. Msimamizi mwenyewe alishika upande mmoja.

"Polepole, jamani!" alipiga kelele Mama Nyundo.

Fuvu likatoka na meno yake yote. Vigelegele vikapasua anga. Mama Nyundo alilia mbele ya watu, bila aibu.

"Zima!" alisema. "Limetoka zima!"